Meza ya Alida Wiersma

"Alida, hivi wewe unafundisha nini hasa?"

Aliyeuliza ni Trudy Bleeker, jirani wa nyumba ya pili, amesimama mlangoni, sufuria ya supu ya njegere ameikumbatia kwa taulo. Ilikuwa msimu wa mavuno, na vumbi la mashine za kuvunia mahindi lilikuwa limetanda juu ya mji kama ukungu. Wanawake hao wawili walikuwa majirani tangu vichwa vyao havijaingia mvi. Walikaa benchi moja kanisani, walizikiana wazazi, na kila mmoja alikuwa na ufunguo wa nyumba ya mwenzake. Lakini swali hilo Trudy hakuwahi kuliuliza, na Alida hakuwahi kutakiwa kulijibu.

Kilicholeta swali ni Tobin, mjukuu wa Trudy, kijana aliyeanza mwaka wa kwanza chuoni akisomea uhandisi. Alikuwa amepita kwa bibi yake kula, na katika kula akasimulia.

"Anasema mmekaa saa nzima mnatazama kipande cha bomba," Trudy akasema.

Alida akamkaribisha ndani na kumwambia haikuwa saa nzima.

"Bomba la udongo, Alida. Babake ana rundo lake nyuma ya banda la nguruwe. Angeyatazama huko bure, na nguruwe wakimsaidia."

Alida alicheka mpaka akakaa. Kisha akajaribu kujibu. Alianza na sayansi, akaiacha. Akajaribu historia, akaona haitoshi, akaiacha nayo. Mwisho akasema kwamba, akisema kweli, anawafundisha kuuliza.

"Kuuliza?" Trudy akaweka sufuria juu ya jiko. "Mtoto wa miaka mitatu anajua kuuliza. Huyu wangu tulikuwa tunambembeleza anyamaze."

"Basi wakifika kwangu wameshanyamaza," Alida akasema. "Sijui nani aliwabembeleza sana."

Trudy alienda zake akitikisa kichwa, na Alida akabaki na supu yake, akijiuliza ni kwa nini jambo alilolifanya zaidi ya nusu ya maisha yake linamshinda kulieleza kwa mtu anayempenda.

Chuo chenyewe kipo kaskazini-magharibi mwa jimbo la Iowa, Marekani, katika mji wa watu ambao mababu zao walitoka Uholanzi na Biblia zao na ukaidi wao. Ni chuo cha kanisa, si kikubwa. Kila mwanafunzi pale, awe anasomea uuguzi, uhasibu au uhandisi, sharti asome pia masomo ya jumla, historia kidogo, sayansi kidogo, mambo ya imani, ili asitoke akijua jambo moja tu kama nyundo inavyojua msumari. Wengi huyasoma katika ukumbi mkubwa, mwalimu akiwa mbele kwenye kipaza sauti. Lakini wale waliofika na alama za juu kabisa hupangiwa madarasa yao madogo ya daraja la juu, watu wachache kuzunguka meza moja. Huko hawapewi kazi nyingi zaidi, ingawa wengi wao hudhani hivyo. Wanapewa kazi ya namna nyingine.

Darasa la Alida liliitwa Maji Yaliyokwenda. Nchi ile yote, ambayo sasa ni mahindi na soya hadi macho yanapoishia, zamani ilikuwa vinamasi, matete na bata mwitu. Wazee walichimba, wakalaza mabomba ya udongo wa kuchoma chini ya ardhi, yakayavuta maji mpaka mitoni. Mtu akilima leo analima juu ya mabomba hayo bila kuyafikiria. Alida aliwafikirisha. Maji yalikwenda wapi? Nani aliamua yaende? Kisheria maji yakishatoka shambani kwako ni ya nani? Na kama Mungu aliumba bata, je, alituomba ruhusa ya kuwaondolea makao? Hivyo muuguzi wa kesho na mhasibu wa kesho walikaa pamoja wakiumia vichwa kwa mambo yasiyokuwa ya kazi zao.

Yeye mwenyewe alizaliwa juu ya mabomba hayo. Baba yake, Gerrit Wiersma, alikuwa fundi wa kuyalaza, mtu wa matope hadi magotini, mwenye mabinti watano na hakuna mvulana. Alida alikuwa wa katikati, yule ambaye hakuna aliyemwona. Shuleni alipata alama nzuri kwa njia rahisi: alikariri, alijibu, alikaa. Walimu walimpenda kwa sababu hakuwasumbua. Alipoingia chuo hicho hicho, akitaka kuwa mwalimu wa shule ya msingi, alama zake zilimpeleka kwenye darasa dogo la daraja la juu, na yeye akaenda kukaa kiti kilicho karibu na mlango.

Mwalimu wa darasa lile alikuwa mama mzee aliyeitwa Bi Oosterhuis. Aliwaambia kila mmoja alete swali. Alida alijiandaa sana, maana hakuwahi kwenda shule bila kujiandaa, akaleta swali zuri lenye jibu lake ndani. Bi Oosterhuis alimsikiliza, akamuuliza kwa upole kama jibu analijua. Alida akasema ndiyo. Basi mama yule akamwomba aulize jambo asilolijua.

Kimya kilichofuata Alida alikikumbuka maisha yake yote.  Hakuwa na kitu. Kisha likamtoka jambo la nyumbani: shambani kwao palikuwa na bonde dogo ambalo baba yake alilikausha kwa mikono yake mwenyewe, na bado kila majira ya kuchipua maji yalirudi pale pale, na bata wakashuka. Akauliza, maji yanajuaje pa kurudi?

Wenzake wawili watatu walicheka. Bi Oosterhuis hakucheka. Alifikiri, akasema, "Mimi sijui."

Alida hakuwahi kumsikia mwalimu akisema neno hilo. Alirudi nyumbani mwisho wa juma akamweleza baba yake mezani, na Gerrit, kijiko mkononi, akakiri kwamba amelaza mabomba tangu ujana na hata yeye hajui, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Usoni mwa baba yake Alida akaona furaha ya namna asiyoijua, furaha ya mtu aliyeulizwa. Pale ndipo njia yake ilipogeuka. Alisomea udongo na maji, akazunguka huko na huko, na kwa neema ya Mungu akarudi kufundisha palepale, akaikuta meza ileile.

Hakuolewa. Si kwamba hakuna aliyemtaka. Alikuwepo mkulima mmoja wa ng'ombe wa maziwa, mtu mwema, lakini alikuwa na majibu mengi mno.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa hii. Kila kipindi mwanafunzi mmoja huweka kitu juu ya meza, jiwe, ramani, ufunguo wa pampu, na kuuliza swali moja ambalo kwa kweli hajui jibu lake. Halafu Alida huzungusha mfuko wa pipi nyeupe za mnanaa. Kanisani kwao, mhubiri akisoma andiko na kufunga kitabu, utasikia karatasi zinachakarika benchi zote, watu wakipeana pipi hizo kwa ajili ya safari ya mahubiri. Mama yake Alida alimfundisha kwamba pipi moja, ukiitunza, inakufikisha sehemu ya pili ya mahubiri. Basi na darasani ikawa hivyo: swali likishaulizwa, kila mtu pipi mdomoni, na hakuna kusema mpaka imeyeyuka. Kutafuna ni marufuku.

Tobin, siku ya kwanza, aliitafuna papo hapo akainua mkono. Alida akampa nyingine. Akaitafuna na hiyo. Akampa ya tatu, na darasa zima likamtazama akiteseka.

"Mwalimu," akasema ilipoisha, "nilikuwa na jambo zuri sana la kusema, lakini limeyeyuka."

"Basi halikuwa zuri sana," alisema Maribel Ocampo aliyekaa mkabala naye, na hayo yakawa maneno yake ya kwanza na ya mwisho kwa wiki kadhaa.

Maribel alisomea uhasibu. Wazazi wake walikuja mji ule kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, na yeye alikuwa wa kwanza kwao kukanyaga chuo. Alikuwa msichana wa kufikiri polepole, na alipoongea kila mtu aliegemea mbele. Tobin alikuwa kinyume chake, akirukia kila kitu, akileta nguruwe katika kila mada. Waliobaki walikuwa katikati ya hao wawili. Wote, tangu chekechea, walikuwa hawajawahi kupata alama isiyokuwa ya juu kabisa, na Alida aliwahurumia kwa hilo, maana alilijua gereza lile kutoka ndani.

Basi siku moja Daktari Warren Haverkamp, mkuu wa taaluma, akaja ofisini kwa Alida na kufunga mlango nyuma yake. Walikuwa wanaimba kwaya pamoja, yeye sauti ya chini kabisa, na hakuwa mtu wa kufunga milango. Alida akajua kuna jambo.

Mkuu alimweleza bila kuzunguka. Wanafunzi wamepungua. Wengi siku hizi wanafika wakiwa wameshamaliza masomo ya jumla huko sekondari. Wakubwa wa chuo wanauliza kwa nini mwalimu mmoja akae na vijana kumi na mmoja mezani wakati mwingine anasimama mbele ya mia mbili. Darasa moja la daraja la juu lazima lifungwe, na jina la kwanza lililotajwa ni Maji Yaliyokwenda.

"Ijumaa ya wiki ijayo nakutana nao," alisema. "Jumanne nitakuja kukaa darasani kwako. Nionyeshe kinachotokea mle ambacho hakitokei ukumbini. Nikikiona, nitakipigania. Nisipokiona, Alida, sitaweza kukutetea kwa sababu tunaimba pamoja."

Alida alimshukuru kwa kumwambia kweli. Mkuu alipoondoka, Alida alipima atakachopoteza. Yeye asingekosa kazi. Wangempeleka ukumbini mpaka astaafu, na kipaza sauti angekizoea. Lakini meza ingeondoka. Mtoto kama alivyokuwa yeye, aliyejaa majibu, angepita chuo kizima bila kukaa mahali ambapo mtu mzima anamwambia sijui. Aliomba Mungu ailinde meza ile. Kisha akaona ameomba sana kwa ajili ya chake, akaongeza kuomba kwamba siku hiyo vijana wake wawe walivyo, basi.

Hakupenda kuficha, kwa hiyo aliwaambia. Alieleza nani anakuja, kwa nini, na nini kitaamuliwa. Akawasihi wasibadilishe chochote. Wakaitikia kwa vichwa, wote kumi na mmoja, kwa utiifu ambao ungepaswa kumshtua.

Siku zilizofuata aliwaona mara mbili kwenye kona ya bwalo la chakula, vichwa pamoja, sahani zimesukumwa pembeni. Alifurahi kwamba wamependana. Jumapili, baada ya ibada, watu wakinywa kahawa, Trudy alimlalamikia kwamba Tobin amekataa keki ya lozi ili awahi kurudi bwenini kusoma. Tobin kukataa keki, alisema Trudy, si jambo dogo, na kama hayo ndiyo masomo ya bomba basi yeye anayafuta maneno yake. Alida akanywa kahawa yake kwa moyo mwepesi.

Jumanne Daktari Haverkamp alifika mapema, akakaa kiti kilicho karibu na mlango, akaweka kalamu na karatasi gotini. Ilikuwa zamu ya Maribel kuleta kitu. Aliweka juu ya meza chupa ya maji yaliyochotwa kwenye mtaro ulio nyuma ya chuo, maji ya rangi ya chai, akauliza kama maji haya bado ni kile kinamasi, ama ni kitu kingine sasa. Lilikuwa swali zuri kweli. Alida akazungusha pipi, na mkuu wa taaluma naye akachukua yake.

Pipi ya Alida ilikuwa bado haijaanza kuyeyuka pale msichana mmoja wa uuguzi alipoanza kusema. Alida alishangaa kidogo, akaiacha. Yule akamaliza, akapokelewa na mwingine, naye akapokelewa na mwingine. Walizungumza juu ya rutuba inayosombwa na maji, juu ya sheria ya mitaro, juu ya kijiji cha huko chini kilichopata shida ya maji ya kunywa. Hakuna aliyemkata mwenzake. Kila mmoja alisema "nikiongezea alichosema mwenzangu." Mtu alimpinga mtu kwa adabu, akapingwa kwa adabu. Hakuna aliyetaja nguruwe. Kalamu ya mkuu ilikuwa inakimbia, na uso wake ulikuwa umechangamka kama siku za sikukuu wakiimba vizuri.

Alida alijaa furaha, Mungu amsamehe, furaha ya mama kwenye harusi. Alijiambia wamekua. Alijiambia labda hawamhitaji tena.

Kisha Tobin akasema. Alizungumza juu ya mabomba ya plastiki ya siku hizi, kwamba yanavuta maji haraka kuliko yale ya udongo, akasita, akatazama dari, akameza mate, akasema basi, ni hayo tu. Na Maribel, akimtazama usoni, akasema polepole na kwa heshima, "Hapo kwenye bata sikubaliani na Tobin."

Tobin hakuwa amesema lolote juu ya bata.

Maribel akaendelea kidogo, akieleza kwa nini bata wasingerudi hata kama Tobin anadhani wangerudi. Sauti yake ikapungua. Akaelewa katikati ya sentensi, akanyamaza. Wengine wakaangalia meza. Daktari Haverkamp alikuwa bado anaandika, hakugundua kitu. Alikuwa mtu wa kukubali kwamba vijana wanajua walichosema.

Alida naye sasa alikuwa ameona yote kwa wakati mmoja: bwalo la chakula, keki iliyokataliwa, pipi zisizoyeyuka. Ilibaki robo saa. Angeweza kusema neno moja laini, kumpa mwingine nafasi, na kila kitu kingepita. Yeye hakuwa amedanganya. Hakuwa amewaagiza. Na kalamu ile gotini ilikuwa inaandika mambo ambayo yangeiokoa meza.  Alijiuliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kujua, kitu gani hasa kitakuwa kimeokolewa.

"Tobin," akasema. "Ulisema nini kuhusu bata?"

Tobin akamtazama Maribel. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Ningesema wangerudi," akajibu. "Nilikuwa ninakuja huko."

"Aliruka, Mwalimu," Maribel akasema kwa sauti ndogo. "Amesahau kipande chake. Na mimi nikaenda mbele tu, kwa sababu changu kilikuwa kinafuata."

Kalamu ikasimama.

Yakatoka yote, kidogo huyu, kidogo yule. Walikuwa wamegawana. Walipanga nani aanze, nani apinge na nani akubali kushindwa, ili Daktari aone hoja zikienda na kurudi. Walifanya mazoezi bwenini hadi wakaweza bila kusoma. Tobin alikatazwa nguruwe kwa kura.

"Kwa kauli moja," Tobin akasema. "Hata mimi nilipiga kura ya kujikataza."

Wachache wakacheka, kisha wakaona si pahali pake. Alida aliwauliza kitu kimoja tu, kama katika hayo yote kuna hata swali moja ambalo hawakujua jibu lake.

Maribel ndiye aliyejibu. "Hapana," akasema. "Tulianza na majibu, Mwalimu. Halafu tukatafuta maswali ya kuyaweka mbele." Akaisogeza chupa yake karibu naye, kama anayeificha. "Hatukutaka wakufungie darasa. Na sisi hatujui kumsaidia mtu kwa njia nyingine. Mtihani ukija tunajiandaa."

Alida alitaka kuwakemea, akakuta hana kemeo. Alichokiona mbele yake ni watoto kumi na mmoja waliomletea kitu pekee walichofundishwa kutoa. Akawaambia kwamba amewasikia, kwamba anawashukuru kwa upendo wao, na kwamba hiki walichofanya leo hakiwezi kuitwa darasa lake. Aliyasema bila ukali, ndiyo maana yaliwauma. Saa ikafika. Walitoka mmoja mmoja, na Tobin aliyekuwa wa mwisho akarudisha kiti vizuri chini ya meza.

Daktari Haverkamp alibaki. Aliinuka, akaja kukaa kwenye meza yenyewe, kwenye kiti cha Maribel, chupa ikiwa mbele yake. Aliigeuza taratibu, matope yakapanda na kushuka.

Alisema kwamba amekuwa kwenye kazi hii muda mrefu, na amekaa katika madarasa mengi yaliyofanyiwa mazoezi na walimu wenyewe, tena walimu waliosifiwa. Yeye hana ugomvi na alichokiona. Vijana wamesoma sheria, sayansi na historia, wameyafahamu, wameyasema vizuri. Mwanafunzi wa ukumbini hayawezi hayo. Akagonga karatasi yake kwa kidole.

"Niliyoandika hapa ni kweli, Alida. Naweza kuishia pale kabla ya bata. Ijumaa nitawasomea, na nadhani watakuachia darasa."

Alida alijua kwamba anasema kwa wema. Alijua pia kwamba wakubwa wangeridhika, kwamba Trudy angeleta supu ya kusherehekea, na mwaka ujao vijana wengine kumi na mmoja wangekaa hapa. Na wangeambiwa na hawa namna ya kufanya mgeni akija. Angekuwa ameilinda meza kwa kuigeuza kuwa jukwaa. Akamwambia hivyo, si kwa ufasaha, maana alipokuwa na hisia maneno yalimkimbia. Alisema tu kwamba kile alichokuja kukitafuta hakukiona leo, na asingependa akipiganie kitu ambacho hajakiona.

Mkuu aliiacha chupa. Akauliza, kwa udadisi na wala si kwa ubishi, kinafananaje hicho kitu kikitokea. Alida akakubali kwamba hakifanani na kitu kizuri. Watu wanasitasita. Mtu anaanza sentensi anaiacha. Tobin anasema upuuzi, halafu ndani ya upuuzi kunakuwa na kitu, au hakuna. Kuna vipindi ambavyo hakuna kinachotokea kabisa, na huwezi kujua kabla.

"Kwa hiyo nikija tena naweza nikakaa saa nzima watu wakila pipi."

"Imeshatokea," Alida akasema.

"Nikiona hivyo, Alida, sitakuwa na la kuwaambia Ijumaa. Nitakuwa nimepoteza hata haya niliyo nayo." Alimwonyesha karatasi tena. "Unaelewa unachokikataa?"

Alisema anaelewa. Akaiweka mikono yake wazi juu ya meza, mahali alipokaa msichana wa uuguzi. Alimtazama mwimbaji mwenzake, mtu mwenye haki, aliyechoka, anayetaka kumsaidia na anayemwogopea. Nje vijana wa kipindi kijacho walikuwa wameanza kujaa koridoni.

"Warren," akasema, "naomba urudi Alhamisi. Hatutakuwa tumejiandaa."